Nyika, Mbuga au Preri? Ardhi ya Nyasi ya Amerika Kaskazini na Tatizo la Kuitaja kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Neno preri liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, lugha ambayo ndani yake humaanisha uwanja wa majani ya malisho. Wawindaji na wafanyabiashara wa ngozi waliozungumza Kifaransa walilitumia kuitaja ardhi inayoanzia magharibi ya misitu ya bonde la mto Ohio na kuendelea hadi chini ya milima ya Rocky, na kutoka Texas upande wa kusini hadi Manitoba, Saskatchewan na Alberta nchini Kanada. Hawakuwa na neno jingine. Ufaransa haikuwa na ardhi ya namna hiyo, nao wakaipa jina la kitu kidogo walichokijua nyumbani, mfano wa mtu aiitaye bahari kisima.

Mfasiri wa Kiswahili hukabiliwa na tatizo linalofanana na hilo. Maneno yaliyo karibu naye ni matatu: mbuga, nyika na uwanda. Yote ni maneno ya kale, yote hutaja ardhi iliyo wazi, na kwa mtazamo wa haraka lolote kati yake lingetosha. Makala hii inaeleza historia ya ardhi hiyo na watu wake kwa nia ya kuonesha kwamba uteuzi huo si suala la mtindo pekee. Hoja inayotetewa ni kwamba majina yaliyopewa preri yalitangulia maamuzi kuhusu nani aishi humo na nani aondoke, na kwamba mfasiri asiyeijua historia hiyo anaweza kuirudia hukumu ile ile katika lugha nyingine pasipo kukusudia.

2.0 Ardhi Yenyewe

Preri si ardhi ya aina moja. Mvua hupungua kadiri mtu anavyosafiri kuelekea magharibi: upande wa mashariki, katika Illinois na Iowa, hunyesha kiasi kinachozidi milimita 900 kwa mwaka, na karibu na milima hubakia kati ya milimita 300 na 400 tu. Nyasi hufuata mvua. Mashariki palikuwa na nyasi ndefu zilizoweza kumzidi mtu kimo. Magharibi nyasi ni fupi na hukumbatia udongo. Katikati aina hizo mbili huchanganyika. Mpaka wa ukame kwa kawaida hutajwa kuwa karibu na longitudo ya nyuzi 100 magharibi, ingawa mpaka wenyewe husogea mwaka hadi mwaka.

Sehemu kubwa ya uhai wa preri imefichika ardhini. Mizizi ya baadhi ya nyasi ndefu hushuka hadi mita tatu, na kwa maelfu ya miaka kufa na kuota kwa mizizi hiyo kuliufanya udongo kuwa mweusi na wenye rutuba ambayo ni nadra kupatikana kwingineko duniani. Moto ulikuwa sehemu ya mfumo huo. Moto wa radi uliteketeza miche ya miti na kuziacha nyasi zichipue upya. Lakini wenyeji nao waliwasha moto kwa makusudi, kwa kujua kwamba chipukizi mbichi huvuta wanyama. Kwa hiyo uwazi wa ardhi ambao wageni waliuona kuwa ni wa asili tu, kwa kiasi fulani ulikuwa kazi ya mikono ya watu.

Mnyama mkuu wa preri ni baisani. Waingereza walimwita kwa jina la nyati, na kosa hilo limeshika mizizi hadi leo nchini Marekani kwenyewe. Hivyo mfasiri anayeandika "nyati" analirithi kosa la wengine na zaidi ya hapo anamletea msomaji wa Afrika Mashariki picha ya mnyama mwingine kabisa, mwenye pembe pana na makazi ya vichakani. Baisani ana nundu, manyoya mazito ya mabegani na pembe fupi. Makadirio ya wingi wao kabla ya maangamizi hutofautiana, na mara nyingi hutajwa kati ya milioni 30 na milioni 60.

3.0 Wenyeji: Wawindaji na Wakulima

Picha iliyoenea zaidi ya mwenyeji wa preri ni ya mpanda farasi anayewinda. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni changa. Farasi waliletwa na Wahispania, na walienea kwa kasi kaskazini baada ya uasi wa Wapueblo wa New Mexico mwaka 1680. Walakota, Wacheyenne na Wakomanchi waliojengea maisha yao juu ya farasi walifanya hivyo katika vizazi vichache tu kabla ya kukutana na majeshi ya Marekani.

Inayosahaulika ni preri ya wakulima. Wapawnee waliishi katika vijiji vya nyumba za udongo kandokando ya mito ya Platte na Loup, wakalima mahindi, na wakaenda mawindoni kwa misimu. Vivyo hivyo Wamandan, Wahidatsa na Waarikara katika bonde la mto Missouri. Maarifa ya kilimo hicho yalikuwa mikononi mwa wanawake. Bibi mmoja wa Kihidatsa, Buffalo Bird Woman, alimsimulia mwanaanthropolojia Gilbert Wilson namna ya kuchagua shamba, kupanda, kukausha na kuhifadhi chakula, na masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1917. Kinachojitokeza humo ni kilimo chenye hesabu: mahindi, maharage, maboga na alizeti vilipandwa katika ardhi laini ya kingo za mto, si juu ya uwanda, kwa sababu jembe lililotengenezwa kwa mfupa wa bega la baisani halikuweza kuvunja mizizi ya nyasi na kwa sababu hapakuwa na haja ya kuivunja. Wanawake wa Kihidatsa waliijua tofauti kati ya udongo wa kulimwa na udongo wa kuachwa. Waliowafuata walihitaji mwaka 1935 kuitambua.

Jamii hizo zilikwisha dhoofishwa kabla ya vita vyovyote. Ndui ya mwaka 1837 iliwaua Wamandan walio wengi mno, na waliosalia waliungana na majirani zao Wahidatsa na baadaye Waarikara.

4.0 Jangwa, Kisha Bustani

Msafara ulioongozwa na Stephen Long mwaka 1820 ulipita katika uwanda wa magharibi, na ramani iliyotokana nao iliiandika sehemu hiyo kuwa Jangwa Kuu la Marekani. Jina hilo lilikuwa na matokeo. Ardhi isiyofaa kwa mkulima mweupe ilionekana kufaa kwa kupeleka watu wasiotakiwa kwingineko. Sheria ya mwaka 1830 ya kuwaondoa Wahindi Wekundu mashariki ya mto Mississippi ilitekelezwa kwa kuwahamishia upande wa magharibi, katika eneo ambalo leo sehemu yake kubwa ni jimbo la Oklahoma. Uhamisho wa Wacherokee wa 1838 na 1839, ambao maelfu walikufa njiani au makambini, ni sura moja ya sera hiyo.

Miaka 30 baadaye jangwa likageuka bustani, na wala hali ya hewa haikuwa imebadilika. Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Makazi tarehe 20 Mei 1862. Kwa ada ndogo, mkuu wa kaya au mtu yeyote mwenye umri wa miaka 21, awe mwanamume au mwanamke asiyeolewa, raia au mgeni aliyetangaza nia ya kuwa raia, aliweza kudai ekari 160, mradi aishi humo na kuilima kwa miaka mitano. Kanada ilitunga sheria yake ya namna hiyo mwaka 1872. Kwa jumla ya muda wake wote, sheria ya Marekani iligawa takriban ekari milioni 270, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya nchi nzima.

Makampuni ya reli, yaliyokuwa na ardhi ya kuuza, yalihubiri rutuba. Ilienea hata nadharia kwamba mvua hulifuata jembe: kwamba udongo ukipinduliwa, mawingu yataongezeka. Miaka kadhaa ya mvua nzuri iliifanya nadharia hiyo ionekane sayansi. Mtu aliyeipinga kwa hoja alikuwa John Wesley Powell, ambaye katika ripoti yake ya 1878 kuhusu ardhi kame alieleza kwamba ekari 160 ni nyingi mno kwa shamba la umwagiliaji na chache mno kwa mfugaji, akapendekeza mashamba ya malisho ya ekari 2,560. Bunge halikumfuata. Inafaa kuangalia kwamba Powell alikuwa akidai ardhi ipimwe kwa maji yake, ilhali sheria iliipima kwa mraba sawa kila mahali.

Ardhi hiyo haikuwa tupu, nayo ilibidi ifanywe tupu. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwahakikishia Wasioux milima ya Black Hills; dhahabu ilipopatikana humo mwaka 1874 mkataba ulivunjwa, na ushindi wa Walakota na washirika wao katika Little Bighorn tarehe 25 Juni 1876 uliahirisha tu matokeo. Baisani walimalizwa kwa haraka isiyo na kifani tangu mwaka 1871, viwanda vilipogundua namna ya kuitengeneza ngozi yao kuwa mikanda ya mitambo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walisalia takriban elfu moja katika bara zima, na pamoja nao kilikwisha chakula, mavazi na makao ya watu. Mauaji ya Wounded Knee yalifanyika tarehe 29 Desemba 1890. Kati ya matukio hayo ndipo ilipotungwa Sheria ya Dawes ya 1887, iliyogawanya ardhi ya pamoja ya makabila kuwa viwanja vya watu binafsi na kuyauza mabaki. Ardhi ya wenyeji ilipungua kutoka takriban ekari milioni 138 hadi milioni 48 ilipofika 1934. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Black Hills ilichukuliwa isivyo halali na kuthibitisha fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Wasioux wameikataa fedha hiyo hadi leo. Wanadai ardhi.

5.0 Nyumba za Udongo

Mhamiaji aliyefika Nebraska au Kansas hakukuta miti ya kujengea. Alichokikuta ni udongo uliofungwa na mizizi, na huo ndio alioukata vipande kama matofali na kuupanga kuwa kuta. Nyumba hizo zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa kiangazi. Paa lilivuja hata siku mbili baada ya mvua kukatika, na nyoka walishuka kutoka darini. Kuni hazikuwapo, hivyo watu walikoka moto kwa kinyesi kikavu cha baisani na baadaye cha ng'ombe, kama walivyofanya wenyeji kabla yao. Mpiga picha Solomon Butcher alianza mwaka 1886 kuzunguka wilaya ya Custer, Nebraska, akiwapiga picha wakazi mbele ya nyumba hizo. Katika picha nyingi familia imetoa nje kila ilichonacho cha thamani, farasi, mashine ya kushona, hata kinanda, ili ndugu waliobaki mbali waone kwamba maisha yanasonga. Moja ya picha zake mashuhuri ni ya mabinti wanne wa ukoo wa Chrisman, waliodai ardhi kwa majina yao wenyewe.

Vyombo vitatu viliyawezesha makazi hayo: jembe la chuma cha pua alilolitengeneza John Deere huko Illinois mwaka 1837, seng'enge ambayo Joseph Glidden aliipatia hataza mwaka 1874, na kinu cha upepo cha kuvuta maji kutoka kisimani. Havikuzuia majanga. Nzige wa mwaka 1874 walikula mazao, nguo na mipini ya majembe. Jamii ile ya nzige, ambayo makundi yake yalifunika anga, ilitoweka kabisa duniani muda mfupi baada ya 1900, inaelekea kwa sababu mabonde ya mito walikotagia mayai yalilimwa. Tufani ya theluji ya tarehe 12 Januari 1888 ilishuka ghafla watoto wakiwa shuleni, na zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakirudi nyumbani. Wadai wengi wa ardhi hawakufikia hati. Waliuza walichoweza na kuondoka.

6.0 Vumbi

Vita Kuu ya Kwanza ilipandisha bei ya ngano, na trekta ikawezesha kulimwa kwa uwanda wa nyasi fupi ambao jembe la farasi lilikuwa limeuacha. Bei ilipoporomoka, wakulima walilima eneo kubwa zaidi ili kufidia hasara. Ukame ulianza mwaka 1931 ukaukuta udongo ukiwa uchi. Dhoruba za vumbi zilizofuata ziliathiri zaidi kusini magharibi ya Kansas, kusini mashariki ya Colorado na vipande vya Oklahoma, Texas na New Mexico vinavyopakana. Dhoruba ya Jumapili, tarehe 14 Aprili 1935, iligeuza mchana kuwa usiku. Siku 13 baadaye Sheria ya Hifadhi ya Udongo ilitiwa saini, na Hugh Hammond Bennett, aliyekuwa amelipigania jambo hilo kwa miaka mingi, akawekwa kuongoza idara mpya. Kilimo cha kufuata kontua, matuta na mistari ya miti ya kukinga upepo vilihimizwa kwa ruzuku na mafunzo.

Habari hizo hazikuishia Marekani. Maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni nchini Kenya na Tanganyika walizifuatilia kwa makini, na hofu ya kuwa Afrika Mashariki nayo ingegeuka vumbi ikawa sababu mojawapo ya kuingilia mashamba na mifugo ya wenyeji. Tofauti ilikuwa katika njia. Mkulima wa Kansas alilipwa ili ahifadhi udongo wake. Mkamba wa Machakos alinyang'anywa ng'ombe mwaka 1938, hata Muindi Mbingu akawaongoza watu kwenda Nairobi kulalamika, na Mluguru alilazimishwa kuchimba matuta milimani hadi zikazuka ghasia za mwaka 1955. Zaidi ya hayo, uharibifu wa Marekani ulitokana na kilimo cha mashine kwa ajili ya soko, jambo ambalo halikuwapo Machakos wala Uluguru. Dawa ilisafirishwa bila maelezo ya ugonjwa.

7.0 Uteuzi wa Neno

Kwa kuzingatia historia hiyo, maneno matatu yaliyotajwa mwanzoni yanaweza kupimwa upya. Nyika hubeba wazo la pori lisilo na wenyewe. Watu wa pwani waliliita eneo lililo nyuma yao nyika, na wakazi wake wakawaita Wanyika. Wakazi hao hawakulipenda jina hilo, na katika miaka ya 1940 jina la Mijikenda, yaani miji tisa, likashika nafasi yake. Maana ya badiliko hilo ni wazi: penye miji hapaitwi nyika. Kuiita preri nyika ni kuitendea Wapawnee jambo ambalo Mijikenda walikwisha kulikataa.

Mbuga ina matatizo ya aina nyingine. Kwa wakulima wa sehemu nyingi za Tanzania bara, mbuga ni tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji masika. Kwa msomaji wa kawaida wa leo ni mahali pa wanyama na watalii, na mahali hapo watu hawaishi, wengine kwa kuwa waliondolewa, kama Wamaasai wa Serengeti mwaka 1959. Neno hilo linafaa kwa Flint Hills ya Kansas, ambako mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi yalilishinda jembe na ambako hifadhi ya nyasi ndefu ilianzishwa mwaka 1996. Haliwezi kufaa kwa Iowa, ambako karibu kila hatua imelimwa. Uwanda halina ubaya huo, ila hutaja umbo tu, na preri ina vilima vingi. Pendekezo la makala hii ni kutumia preri kama jina, kwa utaratibu ule ule uliokwisha kuzikubali savana na stepi, na kulieleza mara ya kwanza kuwa uwanda wa nyasi.

Anayeona kwamba huku ni kushikilia jambo dogo anaweza kuangalia riwaya ya Laura Ingalls Wilder ya mwaka 1935 kuhusu nyumba ndogo ya preri. Familia ya mwandishi iliishi Kansas kati ya 1869 na 1871, ndani ya ardhi ambayo wakati huo ilikuwa bado ya Waosage. Toleo la kwanza lilieleza katika kurasa za mwanzo kwamba huko hapakuwa na watu, ila Wahindi Wekundu. Msomaji mmoja aliandika barua ya kulalamika, na mwaka 1953 neno la watu likabadilishwa kuwa la walowezi. Mwaka ule ule bwawa la Garrison lilikamilishwa katika mto Missouri, na maji yake yakayafunika mashamba ya kingo za mto ya Wamandan, Wahidatsa na Waarikara.

Sahihisho lile linamwachia mfasiri wa Kiswahili tatizo jingine, kwa kuwa neno mlowezi lina historia yake nchini Kenya na haliwezi kusomwa bila nyanda za juu za wazungu kukumbukwa. Kwa familia ya Ingalls linafaa. Kwa mji wa Nicodemus linasumbua. Mji huo ulianzishwa Kansas mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao waliokuwa watumwa, ambao kwa sheria walidai ardhi sawa na wengine na ambao reli iliyotarajiwa iliupita mji wao mbali mwaka 1888. Masimulizi ya wakazi wa Nicodemus yanaeleza kwamba katika majira yao ya kwanza ya baridi, wakiishi mashimoni bila chakula, waliokolewa na Waosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliowagawia nyama. Kwa watu hao makala hii imetumia neno wahamiaji, na neno hilo nalo halisemi kwamba ardhi waliyoihamia ilikuwa na wenyewe.